Kibao Nilichokikata Pichani

Mwezi wa kwanza mwalimu wetu wa sanaa hakuturuhusu kugusa kamera. Alikata vipande vya karatasi ya manila, akatoboa dirisha la mraba katikati ya kila kipande, akatugawia na kutuambia tutembee navyo. Tukawa tunaitazama shule kupitia tundu lile: ukuta wa bweni, majembe yaliyoegeshwa mlangoni, mpishi akipepeta mchele. Tukirudi darasani hakutuuliza tumeona nini. Alituuliza tumeacha nini nje.

Nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari mjini Lindi, miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Somo la sanaa lilikuwa geni, na sisi tulilipata kwa bahati ya kuletewa mwalimu huyo, mtu wa bara, mrefu, mwenye vidole vilivyogeuka rangi ya kahawia kwa dawa za picha. Wanafunzi wake tulikuwa tisa, wasichana tukiwa wawili. Kamera ilikuwa ya Kichina, sanduku jeusi lenye macho mawili, moja juu ya jingine. Huiweki jichoni. Unaining'iniza shingoni, unainamisha kichwa, unachungulia kioo kilichoko juu yake, na humo mtu aliyesimama kulia anaonekana kushoto. Filamu moja ilitoa picha kumi na mbili tu. Ikiisha tunasubiri nyingine kutoka Dar es Salaam, na kusubiri kwenyewe kungeweza kumaliza muhula.

Picha tulizisafisha katika stoo ya majembe. Madirisha yalizibwa kwa gunia na kitambaa cheusi, balbu ikafungwa karatasi nyekundu, na juu ya meza tukapanga mabeseni matatu ya plastiki. Nilikipenda chumba kile kuliko mahali popote pale shuleni. Unatumbukiza karatasi nyeupe kwenye dawa, unalitikisa beseni taratibu, na baada ya muda mfupi kinaanza kutokea kivuli, kisha jicho, kisha uso mzima wa mtu. Mwalimu alisema mkono wangu ni mtulivu. Alisema pia nina jicho la herufi, kwa sababu nilipopiga mistari ya penseli na kuandika neno kwa brashi, nafasi kati ya herufi zangu zilikaa sawa bila kupimwa. Nilikuwa sijawahi kusifiwa kwa kitu chochote. Sifa zile zilinilevya, nalisema hili mapema ili nisije nikasingizia mambo mengine.

Kwa wenzangu nilikuwa nimejitambulisha kuwa mtu wa Lindi mjini. Nilikaa kwa mama mdogo, nyumba ya mawe karibu na bandari, na mumewe alikuwa mtu wa pwani kweli kweli, mwenye kanzu na ubani. Nilijifunza kuongea kama wao. Nilijifunza kuvuta maneno, na kusema "alhamdulillahi" pale ambapo kwetu tungejibu kwa kuguna tu. Ukweli ni kwamba nililelewa na bibi yangu, mama yake mama, kwenye shamba la mikorosho ndani kabisa, magharibi ya Mtama. Mama alifariki nikiwa sijaota meno yote. Kwetu Wamwera ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo hakuna aliyeuliza nani anichukue. Bibi ndiye aliyenibeba mgongoni, ndiye aliyenipeleka shule siku ya kwanza, ndiye aliyegombana na wajomba waliotaka niozwe nilipomaliza darasa la saba. Na bibi alivaa ndonya, kile kipande cha mti cha mviringo ambacho wanawake wa kwetu wa zamani walitobolewa mdomo wa juu na kuwekewa tangu usichana. Cha kwake kilikuwa cheusi, laini kwa kung'arishwa na miaka, na alipocheka kilinyanyuka kikamgusa pua.

Siku moja mwanamke wa namna hiyo alipita nje ya uzio wa shule, kapu la mihogo kichwani. Wasichana wa darasani kwetu walivuta midomo yao ya juu kwa vidole, wakatembea wakijitingisha nyuma yake, huku wakicheka. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Nilivuta wangu pia.

Muhula wa pili mwalimu alikuja na habari kwamba mkoa unaandaa maonyesho ya Saba Saba, na ofisi ya elimu ya watu wazima imeiomba shule yetu itengeneze bango la kuhimiza kisomo. Bango ambalo lingechaguliwa lingesimamishwa uwanjani mbele ya wageni. Akatufundisha bango ni nini.

"Bango si kitabu," alisema. "Anayelisoma anapita. Ana kapu kichwani, ana mtoto mgongoni, ana haraka. Mpe picha moja na neno moja. Ukimpa mambo matatu, hachukui hata moja."

Halafu akatuambia kwamba tutakwenda kupiga picha kwenye kijiji kipya barabara ya Mtama, ambako watu wazima wanasoma kila alasiri. Aliposema jina la kijiji, niliinamia daftari. Ndiko walikohamishiwa watu wa kwetu. Bibi alikuwa ameacha mikorosho yake na nyumba yake miezi michache nyuma, na mama mdogo alinisimulia kwamba sasa ana kiwanja katika mstari wa tatu, nyumba ya makuti isiyokandikwa bado. Nilifikiria kujifanya mgonjwa. Lakini zamu ya kamera ilikuwa yangu, na nisingeenda, filamu ingeshikwa na mvulana mmoja ambaye nilijua hanifikii.

Tulipanda lori la shule. Darasa la kisomo lilikuwa katika ghala la korosho lililokuwa halijapata mlango, watu wamekaa kwenye magogo, ubao umeegeshwa kwenye magunia. Mkufunzi wao alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Ubaoni aliandika silabi kwa mstari: nga, nge, ngi, ngo, ngu. Na pale mstari wa mbele, kibao cheusi cha kuandikia mapajani, chaki mkononi, alikaa bibi yangu akibishana naye.

"Hii yenye tumbo huku ni b. Na hii yenye tumbo kule unasema d. Tumbo ni tumbo. Nani aliyeamua?"

Watu walikuwa wakicheka, na mkufunzi alikuwa ameshachoka. Ndipo bibi aliponiona. Alianza kuinuka. Mdomo wake ulifunguka kuniita kwa jina la nyumbani, jina la Kimwera ambalo mjini hakuna aliyelijua.

Nilimwahi. Nilisema kwa Kiswahili, na kwa sauti ya watu wa mjini, "Shikamoo, bibi."

Kila mzee wa kike anaitwa bibi. Hapakuwa na neno lolote pale lenye kunifichua. Ila mimi na bibi hatukuwahi hata siku moja kusalimiana kwa Kiswahili. Akabaki nusu amekaa nusu amesimama, akaniangalia, akaangalia sare yangu, akawaangalia wenzangu waliokuwa wakishuka kwenye lori nyuma yangu. Kisha akakaa.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanafunzi."

Mwalimu alikuwa amefika. Alimtazama bibi kwa namna alivyokuwa akitazama vitu vizuri, kichwa kimeinama upande. Akaniuliza kwa sauti ya chini, lakini si ya chini kiasi cha bibi kutosikia, "Unamfahamu huyu mama?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi mwombe ruhusa. Uso huu usiuache." Akaenda kuwapanga wenzangu upande wa pili.

Nikamwomba ruhusa bibi yangu kama mgeni anavyoomba. Akasema nipige tu. Alijiweka sawa, akafuta kibao kwa ukingo wa khanga, akaandika upya alichokuwa ameandika ili kionekane vizuri, akakishika kwa mikono miwili mbele ya kifua. Niliinamisha kichwa juu ya kamera. Katika kioo kile alikuwa mdogo na amegeuzwa, lakini kila kitu kilikuwamo: ndonya, mikunjo ya mashavu, mikono, kibao. Alikuwa ameandika "mama" mara mbili, ya pili ikiwa imepinda kuelekea chini. Nilipiga picha mbili. Kisha nikawahi kwenda kupiga ya watoto wa shule waliokuwa wakisoma kivulini, na sikurudi upande wa ghala mpaka lori lilipowashwa. Kutoka juu ya lori nilimwona amesimama penye uwazi wa mlango. Hakupunga mkono. Mimi sikupunga pia.

Stooni picha ile ilitoka vizuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Mwanga ulikuwa umeingia kwa upande, ukauchora uso mstari kwa mstari. Niliitundika ikauke, nikakaa nayo alasiri nzima. Wazo langu la bango nilikuwa nalo tayari: upande wa kushoto JANA, upande wa kulia LEO. Kulia ningeweka wasichana wa shule na vitabu vyao. Kushoto nilihitaji uso wa mtu wa kale. Tatizo lilikuwa kibao. Mtu mwenye kibao mkononi anasoma, na anayesoma hawezi kuwa jana. Nilikigeuza kichwani hivi na vile. Nilijiambia ni suala la bango tu, picha moja neno moja, kama tulivyofundishwa. Nikachukua rula na wembe, nikakata picha chini ya kidevu.

Kipande cha chini kilidondoka sakafuni, mikono miwili imeshika kibao. Nilikiokota nikakitia kwenye ndoo ya taka, chini kabisa, nikakifunika na karatasi zilizoharibika.

Chini ya uso niliandika JANA kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa wino mwekundu, UJINGA. Kulia nikaandika LEO, na chini yake ELIMU. Nilitumia siku tatu kwa herufi zile. Hakuna herufi nilizowahi kuziandika vizuri kama zile. Mwalimu alilitazama bango kwa muda, akauliza kama sikuwa na picha yenye mikono. Nikasema mikono ilitoka na ukungu. Akatikisa kichwa, akalichagua langu.

Siku ya maonyesho nilisimama kando ya bango, sare imepigwa pasi, viatu vimepakwa mafuta ya nazi. Wageni walikuja na kusifia. Ofisa mmoja wa elimu alinishika mkono. Wasichana wa darasani walisimama karibu yangu ili waonekane. Karibu na adhuhuri lori la kijiji liliingia, limejaa wanafunzi wa kisomo walioletwa kuonyesha walivyojua kusoma, wanaimba. Nilikuwa nimewaza mambo mengi kuhusu bango lile, lakini kwamba wangekuja na kulisoma sikuwa nimewaza. Katika akili yangu hawakuwa watu wa kusoma mabango.

Walipofika kwenye banda letu, wanawake wawili walipiga kelele kwa furaha. "Ni wewe! Tazama, ni wewe!" Wakamsukuma bibi mbele. Alikuwa amevaa khanga mpya, doti ya rangi ya zambarau, na alikuwa anacheka. Hakuwahi kupigwa picha maishani mwake kabla ya siku ile, na sasa uso wake ulikuwa mkubwa kuliko sinia. Aliusogelea mpaka akakaribia kuunusa. Alinyosha kidole akafuata herufi.

"Ja," alisema. "Ja-na. Jana!"

Wenzake walipiga vigelegele. Mkufunzi, vifungo mpaka shingoni kama siku ile, aliwageukia watu wote kuona kama wamesikia. Bibi naye aligeuka, mara hii akanitazama mimi moja kwa moja, na kwa nukta moja alisahau makubaliano yetu, kwa sababu alikuwa amesoma neno na alitaka mjukuu wake ajue. Kisha akakumbuka. Akairudia picha.

"Kibao changu kiko wapi?" aliuliza. "Nilikuwa nimeshika kibao."

Mwalimu alinigeukia. "Alishika kibao?"

"Kilikuwa kwenye ule ukungu," nilisema.

Bibi alirudi kwenye herufi. Kidole chake kilikuwa kimeshuka kwenye neno jekundu. Hakusoma kwa sauti. Nilitazama mdomo wake, nikaona ndonya ikicheza kidogo kidogo kwa kila silabi. U. Kisha ji. Kisha ikatulia, ikakaa muda mrefu, na nikaona inanyanyuka kwa silabi ya mwisho. Kidole kikabaki pale pale.

"Na hilo la chini, bibi?" mkufunzi alimhimiza. "Wasomee. Linasemaje?"

Aliondoa kidole. "Hilo silijui," alisema. "Hatujafika huko."

"Ah, tumefika! Nga, nge, ngi..."

"Nimesema hatujafika."

Mmoja wa wasichana wetu, aliyekuwa nyuma yangu, aliguna kwa kicheko na kusema polepole, "Si ndiyo maana ikaandikwa." Wenzake wakacheka. Bibi alijifunika khanga kichwani, akaisogeza mpaka ikaziba nusu ya mdomo, akaondoka na wenzake kwenda kutazama trekta. Mimi nilibaki nimesimama. Kabla hajafika mbali mwalimu alimuuliza kama anamkumbuka msichana aliyempiga picha, nami nilimsikia bibi akijibu, mgongo umegeuzwa, "Nilimwona siku ile moja."

Ningetamani kuandika kwamba siku ile ile nilisema ukweli. Sikusema. Ofisi ya elimu ililipenda bango, ikataka nakala za kupeleka wilayani, na aliyepewa kazi ya kuzisafisha ni mimi, mwenye mkono mtulivu. Mwezi mzima nilikuwa nikishinda stooni baada ya masomo. Kila karatasi niliyoitumbukiza kwenye dawa, bibi alitoka taratibu kutoka kwenye weupe, macho kwanza, kisha mdomo, ananitazama. Nikimaliza mmoja naanza mwingine. Sikuwa nalia. Nilikuwa nahakikisha weusi umekolea sawasawa kwenye kila nakala, na hilo ndilo linalonifanya nisijihurumie mpaka leo, kwamba hata wakati ule nilikuwa najali kazi itoke safi.

Nilipokuwa natundika zile za mwisho, mwalimu aliingia kuchukua negativu azihifadhi. Alizinyanyua moja moja kwenye mwanga wa mlango. Nilimwona anasimama kwenye moja, anaisogeza karibu na jicho.

"Mikono haina ukungu," alisema.

Niliendelea kutundika.

"Na kibao kipo. Ameandika 'mama'. Kwa nini ulikikata?"

"Ili awe jana."

"Na kwa nini ulinidanganya?"

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilisema, "Ni bibi yangu, mwalimu. Ndiye aliyenilea." Nilitegemea atanipiga, au atanifukuza darasani, na nilivitaka vyote viwili. Alikaa juu ya gunia la mbegu. Kengele ya chakula ikalia, watu wakapita nje na sahani zao.

"Mimi ndiye niliyekuuliza mbele yake kama unamfahamu," alisema mwishowe. "Alisikia?"

"Alisikia."

Akajifuta uso kwa vile vidole vyake vya kahawia. Hakuniambia kwamba si kitu. Alinipa karatasi moja, kubwa, ya mwisho iliyokuwa imebaki kwenye boksi, akasema, "Mtoe mzima. Umpelekee mwenyewe." Mabango hakuyazuia. Yalikuwa yameshafungwa kamba, na gari la ofisi lilikuja kuyachukua kesho yake. Sikumlaumu. Nami nilisaidia kuyapakia.

Likizo ilipofika nilikwenda kijijini, picha imebanwa katikati ya daftari mbili isikunjike. Nyumba ilikuwa imeshakandikwa. Bibi alikuwa uani, amenipa mgongo, anachambua mbaazi kwenye ungo. Nilimwita kwa Kimwera. Aligeuka, na mkono wake ulikwenda haraka mdomoni na upindo wa khanga, lakini nilikuwa nimeshaona. Ndonya haikuwapo. Mdomo wa juu, uliokuwa umenyooshwa na mti ule tangu ujana wake, ulikuwa umelegea na kuning'inia kama ukanda wa kitambaa, tundu katikati.

"Umeitoa lini?" niliuliza.

"Muda kidogo."

"Kwa nini?"

"Inanisumbua kula."

Lakini kula ndiko kulikomsumbua sasa. Tulipokaa kwa ugali na mbaazi, mchuzi ulipita kwenye lile tundu ukamtiririka kidevuni, akaufuta kwa khanga, ukatiririka tena. Akawa ananigeuzia bega kila anapoweka tonge mdomoni. Bibi yangu, aliyenilisha kwa mkono ule ule, alikuwa anaona haya kula mbele yangu. Njia nzima kutoka Lindi nilikuwa nimepanga maneno. Nilisema tu, "Bibi, lile bango..."

"Kula," alisema. "Ugali unapoa."

Baada ya chakula nilitoa picha. Aliishika kwenye kingo, kama nilivyofundishwa mimi kuishika, sijui nani alimwonyesha. Aliitazama sana. Hakutazama uso. Alikuwa anatazama kibao.

"Hii ya pili imepinda," alisema. "Siku hizi siandiki hivi." Akachukua kaa lililozimika jikoni, akaandika ukutani, juu ya udongo mpya, neno lile lile, limenyooka. Kisha akaiweka picha ndani ya sanduku lake la nguo, chini kabisa, akafunga. Niliuliza kama hataki itundikwe. Akasema hapana. Niliuliza kama nije na kamera nimpige nyingine. Aliirudisha khanga mdomoni, akasema amechoka, anataka kulala kidogo.

Nilikaa naye likizo nzima. Nililima, nilichota maji, nilikwenda naye kwenye kisomo na kukaa nyuma, na kila aliyeuliza nilijibu kwamba mimi ni mjukuu wake. Kijijini haikuwa na thamani, maana wote walikuwa wanajua. Yeye hakuwahi kulitaja bango, wala siku ile, mpaka alipofariki nikiwa mwaka wa mwisho chuo cha ualimu. Nilifika siku ya tatu ya msiba. Kumwomba radhi kwa maneno sikuwahi.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufundisha shule ya msingi Kilwa Masoko. Mwezi wa pili hivi nilitumwa ofisi za wilaya kuchukua chaki, na nilipoinua macho kutoka kwenye daftari la kusaini, bibi alikuwa ananitazama kutoka ukutani. Lile neno jekundu la bango lilikuwa limefifia kuwa waridi, pembe moja imeliwa na mchwa. Karani aliona ninavyolitazama.

"Linatuchekesha hilo," alisema. "Tukichoka na kazi tunamtazama huyo bibi wa jana."

Nilitabasamu. Nilisaini, nikachukua maboksi yangu, nikatoka mpaka barabarani. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu, mwenye mshahara wangu, na nilikuwa nimetabasamu. Niliweka maboksi chini kivulini, nikarudi ndani.

"Yule ni bibi yangu," nilimwambia karani. "Na bango nililitengeneza mimi."

Alicheka, akidhani namtania, kisha akaniangalia akaacha. Nikamwomba anipe nilitoe. Alikuna kichwa. Alisema ni mali ya serikali, hana mamlaka ya kubandua kitu, labda niandike barua kwa afisa wake nieleze sababu. Akanipa karatasi na kalamu papo hapo, akanisogezea kiti.

Barua ile niliiandika mara tatu. Ya kwanza nilisema mwanamke aliye pichani ni mtu ninayemfahamu. Nikaichana. Ya pili nilisema ni jamaa yangu, nikaichana nayo. Ya tatu niliandika jina lake kamili, la Kimwera na la Kiislamu, nikaandika kwamba ni bibi yangu mzaa mama, kwamba alikuwa mwanafunzi wa kisomo siku alipopigwa picha, alikuwa ameshika kibao, na kwamba mimi ndiye niliyekikata. Karani aliisoma, akaigonga muhuri, akaitia kwenye faili.

Haikujibiwa. Nilipokwenda tena kuchukua chaki, muhula uliofuata, ofisi ilikuwa imepakwa chokaa, bango halipo, na karani alikuwa mwingine.